Wasifu wa kazi ya ustawi wa jamii: shajara ya mradi wetu Mbagala

Januari, tunaanza

Mradi huu ni mdogo na una kazi moja tu: watu wanaojitolea kwenye ustawi wa jamii hapa Mbagala, Dar es Salaam, na kata za jirani wapate wasifu unaomweleza mwajiri wanafanya nini, bila kumzungusha. Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Mara kwa mara makao ya watoto na mashirika ya hapa jijini huniita nisaidie kuchambua maombi ya kazi, na nimeshuhudia watu ninaowajua kwa uhodari wao wakiachwa mwanzoni kabisa, kabla hata ya usaili. Inaniuma. Mtu anayejua kukaa na mtoto aliyepigwa mpaka mtoto akaeleza mwenyewe yaliyompata hapaswi kukosa kazi kwa sababu ya karatasi mbili.

Tunakutana ofisi ya kata, jioni, watu wakishatoka kwenye mihangaiko yao. Wapo wahudumu wa kujitolea wanaofuatilia watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Wapo vijana wenye stashahada na shahada, baadhi wametoka Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama. Yupo mama mmoja aliyelea watoto kwenye makao kwa miaka mingi, na yupo dada ambaye hajawahi kuajiriwa popote ila amemuuguza bibi yake aliyepooza mpaka bibi alipofariki.

Kikao cha kwanza nilimwomba kila mmoja aje na wasifu alionao. Nimezisoma zote usiku. Karibu zote zina sentensi ileile, bila shaka kwa sababu zimechapwa steshenari zilezile: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye upendo na huruma, ninayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu bila kusimamiwa kwa karibu."

Hakuna anayesema uongo hapo. Nawafahamu, wana huruma kweli. Lakini mwenye lundo la maombi mezani hawezi kumchagua mtu kwa sentensi ambayo wenzake wote wameiandika. Na ile ya "bila kusimamiwa" kwenye kazi yetu inaharibu kabisa. Shauri la mtoto halishughulikiwi na mtu mmoja peke yake. Mhudumu huripoti, hujadiliana na msimamizi wake, hupata ushauri, hukaguliwa. Ninapoona mwombaji anajisifia kwamba hahitaji msimamizi, napata wasiwasi juu ya watoto atakaokabidhiwa. Tumekubaliana sentensi hiyo inafutwa kwa wote.

Daftari kwanza, kompyuta baadaye

Zoezi la kwanza halikuhusu kuandika wasifu. Niliwaomba waje na madaftari yao ya ufuatiliaji wa kaya, wafungue, wanieleze walichofanya mwezi uliopita. Kijana mmoja wa Kijichi wasifu wake ulikuwa na mstari mmoja tu juu ya kazi hiyo: "Nimejitolea kusaidia watoto."

"Unawasaidiaje, mwanangu?"

"Nawatembelea, mama."

"Ukifika unafanya nini?"

Hapo ndipo akaanza kueleza. Akifika huangalia kwanza kama mtoto yupo au yuko shule. Huuliza amekula nini tangu asubuhi. Huomba kadi ya kliniki kwa wadogo. Huangalia mtoto analala wapi na analala na nani. Huzungumza na mlezi, kisha huomba kuzungumza na mtoto peke yake, uani, mahali wanapoonekana lakini hawasikiki. Anajaza fomu, wanapanga na mlezi nini kifanyike kabla ya ziara inayofuata, na kama kuna jambo la kiafya au la shule anaandika rufaa, yaani anamwelekeza mtoto kwa maandishi kwenye huduma anayohitaji. Mwisho wa mwezi anapeleka taarifa kwa afisa ustawi wa kata.

Alieleza bila kusita hata mara moja, na wenzake wakawa wanatikisa vichwa kwa sababu nao hufanya vivyo hivyo. Tukakaa naye tukaandika:

"Mhudumu wa jamii wa kujitolea, tangu Machi 2022 hadi sasa. Ninafuatilia kaya 18 zenye watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Ninatembelea kila kaya walau mara moja kwa mwezi, ninaandaa mpango wa huduma pamoja na mtoto na mlezi wake, ninatoa rufaa kwenda kituo cha afya, shule na ofisi ya ustawi wa jamii, na ninafuatilia kama rufaa imefanyiwa kazi. Ninaripoti kila mwezi kwa afisa ustawi wa jamii wa kata."

Akausoma, akaniuliza: "Mama, si nitaonekana najisifu?"

Swali hilo limekuja kutoka kwa watu wengi, hasa wanawake. Tumelelewa kwamba anayejitangaza hana adabu, na malezi hayo nayaheshimu. Jibu langu ni kwamba kusema "mimi ni hodari kuliko wote" ndiko kujisifu. Kusema "kaya 18, kila mwezi, taarifa kwa fulani" ni kutoa hesabu ya kazi, na kila neno linaweza kuthibitishwa kwenye daftari. Mwajiri wa ustawi anataka mtu anayeweza kutoa hesabu namna hiyo, kwa sababu atatakiwa kuitoa kila mwezi akishaajiriwa.

Jambo jingine lililojitokeza: wanaoandika "nilitoa rufaa" wengi wanaishia hapo. Kwenye usaili swali linalofuata ni "halafu?" Mtoto alifika? Alihudumiwa? Ulijuaje? Kile kipande cha "ninafuatilia kama rufaa imefanyiwa kazi" ni maneno machache lakini ndiyo yanayomtofautisha anayeijua kazi na anayeisikia. Tumekiweka kwa wale tu wanaofanya hivyo kweli.

Februari: siri za watu

Hili nimelipa vikao vingi kuliko yote na sijutii.

Baada ya zoezi la daftari watu walichangamka, wakaanza kuandika kwa undani. Kijana mmoja mwenye stashahada akaleta wasifu uliokuwa na mstari unaoeleza namna alivyomsaidia binti wa darasa la nne aliyefanyiwa ukatili wa kingono na ndugu wa karibu. Alitaja shule. Alitaja mtaa. Alitaja mwaka. Alitaka mwajiri aone kwamba amebeba jambo zito na kulifikisha mwisho, na ni kweli alilibeba vizuri sana, nalijua shauri hilo.

Nikamwuliza mbele ya wenzake, kwa upole: wasifu huu utaupeleka wapi? Akasema mashirika manne, na nakala itabaki steshenari kwenye kompyuta ya yule anayewachapia. Nikamwuliza tena: mtu wa mtaa ule akiusoma, atamjua mtoto? Ukumbi ukawa kimya.

Wasifu husafiri. Unapita kwa mchapaji, unatumwa WhatsApp kwa binamu anayefahamiana na mtu wa shirika, unachapwa nakala tatu kwa ajili ya jopo, unaachwa juu ya meza. Mtoto yule hakukubali habari zake zisafiri hivyo. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ndani yake taarifa za afya na taarifa za watoto zinahesabiwa kuwa nyeti. Lakini hata bila sheria hiyo, kiapo cha kazi yetu ni usiri, na mwajiri makini akiona mwombaji amemwanika mteja kwenye wasifu atajua mtu huyo atawaanika na wateja wa shirika lake.

Tuliandika upya: "Nimeshiriki kutoa rufaa kwa watoto waliofanyiwa ukatili kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi na Kituo cha Mkono kwa Mkono, kuwasindikiza wao na walezi wao katika hatua za PF3 na matibabu, na kutunza kumbukumbu za mashauri kwa usiri." Uzito upo palepale. Anayejua kazi akisoma PF3 (fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa) na Mkono kwa Mkono (kituo kinachowapa waliofanyiwa ukatili huduma zote mahali pamoja) katika mpangilio huo anaelewa kwamba huyu amepita njia hiyo kwa miguu yake. Na hakuna mtoto yeyote anayeonekana.

Kanuni tuliyokubaliana kikundi kizima ni hii: kundi linatajwa, mtu hatajwi. Unaweza kusema wazee wanaoishi peke yao, watoto walio katika mkinzano na sheria, watu wenye ulemavu wa akili, wanawake waliofanyiwa ukatili. Hutaji jina, mtaa, shule, wala tukio la pekee ambalo majirani walilisikia. Ukiulizwa mfano kwenye usaili, unasimulia kwa namna hiyohiyo, na kama jopo linakubana utaje zaidi, unasema kwa adabu kwamba huwezi kwa sababu ya usiri. Nimewahi kukaa kwenye jopo lililouliza hivyo makusudi kuona nani atateleza.

Binti mwingine alikuwa ameweka picha yake amekaa katikati ya watoto wa makao fulani, wote wakitazama kamera. Picha nzuri, watoto wanacheka. Tumeitoa.

Dada aliyemuuguza bibi yake

Huyu alikuja akisema hana cha kuandika. Amemaliza kidato cha nne, hajaajiriwa, na miaka mitatu ya maisha yake imepita chumbani kwa bibi. Wenzake walimtazama kwa huruma. Mimi nikamwambia akae karibu nami, aanze kunisimulia siku moja tangu alfajiri.

Bibi alikuwa amepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Dada alikuwa akimgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulalia, kama muuguzi wa zahanati alivyomfundisha. Alikuwa akikagua visigino, nyonga na mgongo kila alipomwogesha. Chakula alimpa akiwa ameinuliwa na mito, kidogokidogo, upande wa mdomo ulio na nguvu, kwa sababu akila amelala atapaliwa. Dawa za presha alizipanga kwenye kiboksi na kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani kila akimpa. Mkono uliopooza aliunyoosha na kuukunja asubuhi na jioni. Na bibi alipokuwa mkali, kwa sababu wagonjwa wa kiharusi hubadilika tabia, alijifunza kunyamaza kwanza, kisha kumwuliza kwa sauti ya chini anataka nini.

Hayo ndiyo yanayofundishwa kwenye kozi za uhudumu wa wagonjwa majumbani. Tuliyaandika chini ya kichwa "Uzoefu wa kumhudumia mgonjwa nyumbani", tukaweka miaka, tukaandika wazi kwamba alikuwa mwanafamilia na hakuwa analipwa. Uwazi huo ni muhimu. Akiandika "mhudumu binafsi" mwajiri ataomba jina la kampuni na hapo mambo yataharibika bila sababu. Hatukuandika namna bibi alivyokuwa akijisaidia wala alivyokuwa akilia. Tumeandika "usafi wa mwili na kumtunzia heshima yake", na inatosha. Marehemu naye ana siri zake.

Mdhamini wake wa kwanza ni muuguzi yule wa zahanati. Alikubali mara moja. Akasema amemwona akimhudumia bibi kuliko baadhi ya waliosomea.

Machi: matangazo ya serikali

Wenye stashahada na shahada wanaangalia zaidi nafasi za Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na huko wasifu pekee haumfikishi mtu. Tulifungua mfumo wa Ajira Portal tukapitia kila kipengele. Matangazo yale yana masharti yanayojirudia: raia wa Tanzania, umri usiozidi miaka 45 kwa asiye mtumishi wa umma, wasifu unaojitosheleza wenye anwani na simu zinazopatikana, wadhamini watatu, barua ya maombi iliyosainiwa, vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria. Hati za matokeo peke yake hazikubaliwi, wanataka cheti chenyewe. Wapo waliokuwa wamepakia hati ya matokeo wakisubiri kuitwa, na sasa wanakwenda vyuoni kufuatilia vyeti vyao.

Wawili wana majina yasiyofanana kati ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha NIDA. Herufi moja tu, lakini nimewaelekeza kwa wakili mapema.

Halafu tukafanya kitu ambacho nashauri kila mwombaji akifanye: kusoma majukumu ya tangazo kwa kalamu mkononi. Kazi ya afisa ustawi wa jamii inagusa wazee, watu wenye ulemavu, familia zenye dhiki, vituo vya kulelea watoto mchana, matunzo ya watoto baada ya wazazi kutengana, usuluhishi wa ndoa. Kila jukumu ulilowahi kuligusa unaliwekea tiki, kisha unahakikisha lipo kwenye wasifu wako kwa maneno yaleyale ya tangazo. Binti mmoja alifanya mafunzo kwa vitendo kwenye kitengo cha ustawi cha hospitali na aliandika tu "nilifanya field hospitali". Kumbe alikuwa akiwahoji wagonjwa wanaoomba msamaha wa gharama, akipima hali ya kipato cha familia na kumwandikia msimamizi wake mapendekezo. Alikuwa pia akiwaelekeza wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo namna ya kupata matibabu bila malipo. Hiyo ni kazi ya ustawi kamili, imekaa sasa juu ya ukurasa.

Kuhusu sheria: wengi wameandika "nafahamu sheria na sera mbalimbali". Nimewaambia waitaje sheria pale walipoitumia tu. Aliyeshiriki ukaguzi wa vituo vya kulelea watoto mchana ataje Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Aliyewasaidia watu wenye ulemavu kudai haki yao ataje Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Orodha ya sheria isiyoambatana na kazi inamwalika mhoji akuulize kifungu.

Wadhamini

Kwa ufupi, maana hapa hakuna mengi. Mchungaji, shehe na mwenyekiti wa mtaa ni watu wa heshima, lakini wanaweza kusema tu kwamba wewe ni mtu mwema. Walau wawili kati ya watatu wawe wamekuona ukifanya kazi. Mpigie kabla hujaliandika jina lake, mpelekee nakala ya wasifu, mwambie unaomba kazi gani. Nimepiga simu kwa wadhamini wengi, na anayejibu "nani huyo?" anamwangusha mwombaji papo hapo.

Mama mlezi

Nimemweka mwisho kwa sababu wasifu wake ndio uliochukua muda mrefu kukamilika. Ana elimu ya darasa la saba. Amelea watoto kwenye makao, zamu za usiku na mchana, tangu wachanga hadi wanaobalehe. Alikuwa akiona aibu kuweka elimu juu, kama wasifu zote zinavyoanza. Tukamwondolea aibu hiyo kwa kupanga upya: uzoefu unatangulia, mafunzo mafupi yanafuata, shule inakuja mwishoni. Hakuna kanuni inayokataza.

Nilimwuliza kuhusu usiku. Akaniambia analala kwenye kitanda cha kona chenye mtazamo wa mlango na vitanda vyote. Mwenye kifafa analazwa karibu naye. Akipata degedege, mama humlaza ubavu, huondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, haweki kitu mdomoni, hutazama saa, na ikizidi dakika tano anaita gari la hospitali. Asubuhi anaandika kwenye kitabu cha zamu kila kilichotokea: nani alilia usingizini, nani alikojoa kitandani, nani alikataa chai, na anamkabidhi mwenzake kwa mdomo na kwa maandishi.

Kitabu cha zamu! Alikuwa hajakitaja popote. Makao yanayotafuta mlezi yanatafuta hasa mtu anayeandika makabidhiano, kwa sababu kisichoandikwa usiku kinamdhuru mtoto mchana. Sasa mstari wa kwanza wa uzoefu wake unasema: "Mlezi wa zamu ya usiku, watoto 12 wa miaka 2 hadi 9, akiwemo mtoto mwenye kifafa. Kutoa dawa kwa ratiba ya kliniki na kusaini, huduma ya kwanza ya degedege, kuandika kitabu cha zamu na kukabidhi kila asubuhi." Ukurasa mmoja tu, Kiswahili, herufi kubwa kiasi, hauna mapambo. Ameupeleka mwenyewe kwa mkono kwenye makao mawili. Makao moja yamemwita akafanye zamu za majaribio.

Aprili, hali ilivyo

Wasifu nyingi zimekamilika na zimehifadhiwa kwa PDF, faili likiwa na jina la mhusika na kazi anayoomba, ili lisipotee katikati ya mafaili yanayoitwa "CV mpya". Nakala za Kiingereza kwa ajili ya mashirika ya kimataifa bado zinaendelea. Tumekubaliana kila mtu aandike Kiingereza anachoweza kukizungumza kwenye usaili, kisirembeshwe. Wale wa hati za matokeo bado wanasubiri vyuo. Dada aliyemuuguza bibi ameanza kozi fupi ya huduma ya kwanza, na cheti kikitoka kitaingia juu ya ukurasa.

Steshenari tuliyokuwa tukiitumia, tumezungumza na mwenyewe akakubali kufuta mafaili yetu kila akimaliza kuchapa, na mmoja wetu anasimama hapo kuhakikisha.

Jumamosi ijayo tunaanza mazoezi ya usaili. Kila mtu aje na wasifu wake mkononi, na aliyeandika "ninaandaa mpango wa huduma" ajiandae kueleza mpango mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kumtaja mtu.